Kabla hujauliza mashine ina GB ngapi, uliza kama RAM yake inachomoka

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu bila mtu kuuliza anunue kompyuta mpakato ipi, ya chuo au ya ofisi ndogo, na majibu huanzia palepale: prosesa ya i5 au i7, GB ngapi za RAM (kumbukumbu ambamo programu hukaa zikiwa zinafanya kazi), kioo inchi ngapi. Naomba leo tubadilishe mpangilio. Kwangu swali la kwanza ni kama mashine inafunguka na vilivyomo ndani vinabadilishika. Ukishalijibu hilo, ndipo uanze kuhesabu GB.

Prosesa ni kitu kigumu kufa. Angalieni mashine zinazofikishwa kwa mafundi: betri imevimba, diski inasoma kwa kusuasua, feni imejaa vumbi, soketi ya chaja imelegea, kibodi imemwagikiwa chai. Halafu kuna zile ambazo hazijaharibika kabisa ila zimepungukiwa. Mwenyewe aliichukua na GB 4 za RAM miaka hiyo, leo akifungua kivinjari na Word kwa pamoja inaganda. Karibu yote haya yanatibika kwa bisibisi na kipuri, mradi aliyeiunda mashine aliacha njia ya kukitoa cha zamani. Na ni miaka zaidi ya kumi sasa watengenezaji wanaziba njia hizo moja baada ya nyingine.

Mfano wangu wa siku zote ni ThinkPad T480 ya Lenovo, iliyotoka mwanzoni mwa 2018. Ina sloti mbili za RAM. Lenovo wenyewe waliandika mwisho wake GB 32, lakini watu wengi wameiwekea 64 na inafanya kazi. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma. Ile ya nyuma unaichomoa kwa vidole tu, na kwa kuwa ya ndani inabaki inaishikilia mashine, unabadilisha ya nje bila kuzima chochote. Kwa mtu anayeishi mtaa wa umeme wa kukatika katika, ukiwa na betri ya akiba kwenye begi kazi haisimami. SSD, yaani diski ya kutunzia mafaili, inabadilika, kibodi inabadilika, na inachaji kwa USB-C. Prosesa zake za kizazi cha nane nazo zilikuwa hatua kubwa: i5-7200U ya kizazi kilichotangulia ilikuwa na kori (sehemu zinazofanya hesabu) mbili, i5-8250U ikaja na nne.

Mwaka uliofuata ikatoka T490. Nyembamba zaidi, inavutia machoni. Betri ya nje imeondolewa, na moja ya zile sloti mbili za RAM imegeuka kuwa RAM iliyolehemiwa kwenye bodi. Hapo angalau sloti moja ilibaki. Kwenye ThinkPad X1 Carbon RAM yote imelehemiwa. Ukinunua ya GB 8, utakaa na GB 8 mpaka siku utakayoiuza. Ndiyo maana nikimwona mwanafunzi anachukua X1 Carbon ya GB 8 kwa sababu ni nyepesi, akaiacha T480 iliyokuwa pembeni yake kwenye kabati hilohilo, naumia kweli. Miaka mitatu baadaye angeongeza RAM kwa hela ndogo, sasa itabidi atafute mashine nyingine nzima.

Asiyetaka ThinkPad aangalie HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490. Zote ni za 2018, zote zina sloti mbili.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, hizi "mpya za boksi" za bei ya chini. Soma lebo yake: Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi ya eMMC GB 64. Prosesa hiyo ina kori mbili tu. Hifadhi ya eMMC, yaani chipu ya kutunzia mafaili badala ya SSD, imelehemiwa kwenye bodi, na mara nyingi RAM nayo. Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi, kwa hiyo mashine inatoka kiwandani ikiwa imekaa juu ya kiwango cha chini kabisa, haina pa kupumulia. Yakija masasisho makubwa nafasi imekwisha, na hakuna cha kuongeza. Mzazi aliyejinyima kumnunulia kijana wake kitu kipya ndiye anayeumizwa hapo, na ameumizwa kwa nia njema kabisa. Kwa hela hiyohiyo au iliyozidi kidogo, mtumba wa ofisi za Ulaya wa kizazi cha nane unaiacha mbali sana.

Tuwe wa haki pia. Kulehemu si tamaa ya biashara peke yake. RAM za aina ya LPDDR zinazokaa karibu na prosesa zinatumia umeme kidogo na kupitisha data kwa kasi, na MacBook Air ya M1 iliyotoka Novemba 2020 ilituonyesha hilo: haina feni kabisa, haichemki, na inakaa na chaji kutwa nzima. Ile ni kazi ya uhandisi ya kuheshimiwa. Ninachokikataa ni mtu kuuziwa GB 8 za kudumu kwa bei ya Apple hadi Oktoba 2024, ndipo Air zikaanza kuuzwa na GB 16 kama kiwango cha chini. Kama unamfungia mteja mlango, basi mpe cha kumtosha humo ndani.

Wala si kweli kwamba mlango lazima ufungwe. Lenovo hao hao walishirikiana na iFixit, kampuni ya miongozo na vipuri vya kutengeneza vifaa, kwenye ThinkPad T14 Gen 5 ya 2024, wakarudisha sloti mbili za RAM, na iFixit wakaipa alama 9 kati ya 10 za urahisi wa kutengenezeka. Kampuni ya Framework wanauza tangu 2021 mashine ambayo unabadilisha hadi bodi nzima kwa bisibisi moja wanayokupa wao. Na sasa ipo LPCAMM2, RAM ya LPDDR inayofungwa kwa skrubu, ambayo Lenovo waliiweka kwenye ThinkPad P1 Gen 7. Yaani ile sababu ya kiufundi ya kulehemu imeanza kupata jibu la kiufundi. Kilichobaki ni wanunuzi kuidai.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Arusha

Uzi mzuri mkuu, nimeweka kambi. Ila umeruka suala la Windows 10. Mimi natumia EliteBook 840 G3, nimeiongezea RAM mpaka 16 na haina shida yoyote. Sasa inaniambia haikidhi vigezo vya Windows 11. Niitupe?

Mleta uzi

Usiitupe mkuu, hiyo mashine bado nzima.

Microsoft walikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane na inadai TPM 2.0, chipu ya usalama. G3 yako ni ya kizazi cha sita, kwa hiyo imeachwa nje japokuwa ina nguvu kuliko zile Celeron za boksi nilizozisema hapo juu, ambazo Windows 11 inazikubali. Kwangu huu ni uamuzi mbaya. Umezigeuza mashine nzima kuwa takataka kwenye karatasi.

Una njia mbili za maana. Ya kwanza, jiandikishe kwenye huduma yao ya nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, inakufikisha Oktoba 2026. Ya pili, na ndiyo ninayoipendekeza, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa kutumia badala ya Windows. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029, ni bure, na sura yake mtu wa Windows haimpotezi. Kuandika barua, mahesabu, intaneti, mikutano ya video, yote yanakwenda. Tatizo litakuwepo kama kazi yako inategemea programu ya Windows isiyo na mbadala, mathalani programu fulani za uhasibu au usanifu. Zipo pia mbinu za kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine isiyotimiza vigezo, lakini Microsoft hawakuahidi kwamba masasisho yataendelea kuja, kwa hiyo kwa mashine ya ofisi mimi sishauri.

Na wanaodhani programu huria ni mambo ya kigeni, wakumbuke kwamba 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Sisi hatuanzii sifuri kwenye hili.

Jambo la kuwatahadharisha wanunuzi: ukiambiwa "hii ni Core i7" bado hujaambiwa kitu. Soma namba baada ya kistari. i7-6600U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. i5 ya kizazi cha nane yenye kori nne inaipita i7 ya kizazi cha sita yenye kori mbili, na wauzaji wengi wanategemea usijue hilo.

Mchangiaji wa Nairobi

Boss, huku Luthuli na Moi Avenue hizo ex-UK (mtumba wa Uingereza) ziko kibao. Nikifika dukani nianze kuangalia nini? Usinipe mambo mengi, muuzaji hana subira.

Mleta uzi

Karibu ndugu. Muuzaji asiye na subira mwache, maduka ni mengi.

Anza na kufuli. Washa mashine uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka: ThinkPad bonyeza F1, HP F10, Dell F2. Ikidai nenosiri, rudisha mezani. Nenosiri la msimamizi kwenye ThinkPad si jambo la fundi wa kawaida kuliondoa. Halafu, kama ipo nafasi, isanidi Windows upya ukiwa umeunganishwa na intaneti. Hizi mashine zilikuwa za makampuni, na nyingine bado zimesajiliwa kwenye mifumo yao. Ikishika mtandao inakuletea jina la kampuni na kukutaka uingie kwa akaunti ya kazi. Hiyo si yako, hata ukiilipia mara mbili.

Baada ya hapo betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaoshika sasa. Ikiwa chini ya nusu, hesabu gharama ya betri nyingine kwenye bei, muuzaji akubali kupunguza.

Kioo usikidharau. T480 zilitoka na vioo tofauti, na kile cha 1366 kwa 768 kinachosha macho, ukikitazama kwa pembeni rangi zinageuka. Tafuta chenye 1920 kwa 1080 cha IPS, aina ambayo rangi hazigeuki ukikitazama kwa pembeni. Na kwa T480 hasa, jaribu matundu yote mawili ya USB-C kwa chaja. Kulikuwa na hitilafu ya programu ya ndani (firmware) ya Thunderbolt, ile USB-C yenye kasi zaidi, kwenye ThinkPad za miaka hiyo iliyoweza kuliua tundu, Lenovo wakatoa sasisho la kuirekebisha. Ukifika nyumbani na mashine nzima, weka sasisho hilo siku hiyohiyo.

RAM yenyewe usiridhike na kile muuzaji anachosema. Andika jina kamili la mashine mtandaoni uone ina sloti ngapi. Herufi moja inabadilisha kila kitu: T480 ina sloti mbili, T480s ina moja na nyingine imelehemiwa.

Mchangiaji wa Mwanza

Mkuu, na hizi mashine mpya za akili mnemba? Naona kila tangazo sasa ni AI. Nisubiri zishuke bei?

Mleta uzi

Usisubiri kwa ajili hiyo.

Microsoft walizindua jina la Copilot+ PC Mei 2024, wakataka kila mashine ya kundi hilo iwe na NPU ya kufikia TOPS 40 (hesabu trilioni 40 kwa sekunde), RAM GB 16 na hifadhi GB 256. Mimi nafurahia hizo GB 16, kwa sababu hatimaye mtu amewalazimisha watengenezaji kuacha GB 8. Lakini hiyo NPU yenyewe, ambayo ni sehemu ya prosesa ya kufanyia hesabu za akili mnemba ndani ya mashine, kwa sasa haina kazi nyingi kwa mtu wa kawaida. Ukiuliza swali ChatGPT au Gemini, kazi inafanyika kwenye vituo vya data huko mbali. Kompyuta yako inaonyesha maandishi tu, na T480 inaonyesha maandishi yaleyale.

Pale ambapo akili mnemba inatugusa kweli ni kwenye bei ya RAM. Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanaoshika sehemu kubwa ya uzalishaji wa RAM duniani, na vituo vya data vinanunua kumbukumbu za HBM, aina ya kasi kwa chipu za akili mnemba, kwa wingi na kwa bei nzuri kuliko sisi. Viwanda vikielekezwa huko, RAM za kawaida zinaadimika. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo mafundi wengi tulikuwa tunalitegemea kwa RAM na SSD za kuongeza. Bei zilianza kupanda kabla ya hapo, na hata RAM za zamani za DDR4 hazikusalimika.

Mtu anaweza kusema, basi sloti ina faida gani kama RAM yenyewe ni ghali? Faida ipo, tena imekua. Mwenye sloti anaweza kununua leo GB 8 na kungoja bei itulie. Anaweza kuchomoa RAM kwenye mashine iliyokufa kioo akaihamishia nyingine. Ofisi yenye mashine tano mbovu inatengeneza tatu nzima. Iliyolehemiwa inakufa na bodi yake.

Mwalimu wa Mbeya

Ahsante kwa elimu mkuu. Naomba uguse na simu kidogo. Binti yangu ameona simu imeandikwa RAM 16 kwa bei ambayo sikuitegemea, nikasita.

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Umefanya vyema kusita.

Angalia vizuri boksi, utakuta mahali pameandikwa 8+8. Nane za kwanza ndizo RAM. Nane za pili ni kipande cha hifadhi ya simu kilichokopwa kifanye kazi ya RAM, na hifadhi iko polepole zaidi kuliko RAM kwa mbali. Si kwamba haisaidii kabisa, lakini kuiandika 16 kwa herufi kubwa ni kumpotosha mnunuzi, na napenda mamlaka zetu zingelipiga marufuku hilo.

Kwa simu mimi naangalia miaka ya masasisho ya usalama kabla ya kamera. Google walianza na Pixel 8 mwaka 2023 kuahidi miaka saba, Samsung wakafuata na Galaxy S24 Januari 2024. Kwa simu za bei ya kawaida ahadi ni fupi zaidi, na nyingine hazisemi chochote. Simu ambayo binti ataweka hela zake ndani na kuingia akaunti za benki isiwe imeachwa na mtengenezaji. Tundu la spika za masikioni na nafasi ya kadi ya kumbukumbu bado vipo kwenye simu nyingi za bei ya kati, na kwa mwanafunzi ni vitu vya maana kuliko kamera ya nne ya nyuma.

Mchangiaji wa Tanga

Mimi napinga. Mnasifu mtumba kama vile hauna gharama. Betri za T480 zinazouzwa huku nyingi ni feki, zinakaa miezi zinavimba. Fundi wa kuaminika wa kufungua mashine ni wangapi? Heri kipya chenye waranti.

Mleta uzi

Hoja yako ina uzito ndugu, hasa ya betri. Betri feki ni hatari, si hasara tu. Ikivimba inasukuma kibodi, na kuna uwezekano wa moto. Mtu asinunue betri kwa bei inayoshangaza, na ikianza kuvimba aitoe aache kuichaji. Lakini ona kwamba kwenye T480 ile betri ya nyuma unaiona ikianza kuvimba na unaitoa kwa mkono. Kwenye mashine iliyozibwa unagundua pale padi ya kugusa (touchpad) inapoanza kunyanyuka.

Waranti nakubaliana nawe kama ni ya kweli, yaani kuna ofisi hapa nchini inayoipokea na mwenye kuitimiza. Waranti ya mwaka mmoja kwenye Celeron yenye eMMC inamlinda mtu dhidi ya kuharibika, haimlindi dhidi ya kupungukiwa, na kupungukiwa ndiko kunakokuja kwanza. Mwenye uwezo wa kununua kipya cha daraja la T14 Gen 5 anunue, sitampinga hata kidogo.

Na kuna habari njema inayotujia bila sisi kuiomba. Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwenye simu tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato zinafuata tarehe 28 Aprili 2026. Februari 2027 inaanza sheria yao ya betri za vifaa vya mkononi ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa mwenyewe, ingawa ina misamaha yake. Mtengenezaji hatengenezi mashine moja ya Berlin na nyingine ya Kariakoo. Makampuni ya huko yakimaliza miaka yao mitatu au minne ya matumizi, mashine zinapakiwa kwenye kontena zinakuja kwetu. Kwa hiyo hizo T14 Gen 5 zenye sloti mbili mtaanza kuziona kwa wingi Mtaa wa Aggrey na Luthuli kuanzia kama 2028. Ukiwa na T480 nzima leo, inatosha kabisa kukuvusha hadi hapo.

Mkuu wa Arusha, kabla hujaweka Mint nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, kisha ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Cheki WiFi, sauti na kamera. Vyote vikikubali, endelea. Kikigoma kimoja, andika hapa jina la kifaa tulifanyie kazi.